Gari la Mbio Kwenye Matope ya Kuresoi

Mume wangu alinunua gari la watu wawili na nusu. Milango miwili, kiti cha nyuma cha kutupia koti, na tumbo lililokaribia kugusa lami. Nguvu yote ya injini ilikwenda kwa magurudumu ya nyuma. Ya mbele kazi yake ilikuwa kugeuka tu, na hilo ndilo lililompa raha. Akitoka zamu kwenye mitambo ya umeme Olkaria, anafika kwetu Nakuru, anaoga, kisha anaketi na simu kuwatazama Wazungu wakiendesha magari kama lile kwenye theluji. "Siri ni uzito nyuma," aliniambia, mtu ambaye barafu pekee aliyowahi kuiona ni ile ya ndani ya friji. Nilimwambia uzito anao tayari, ila ameuweka tumboni.

Julai hiyo mama yangu alipata nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limekufa zamani na la pili lilikuwa limeingia ukungu, akawa anapalilia viazi kwa kupapasa na kung'oa magugu pamoja na mimea yenyewe. Madaktari walikuwa wanakuja Nakuru siku moja tu, Ijumaa, na kila mgonjwa alitakiwa awe amefika kabla ya saa nne asubuhi. Ukikosa, ungoje warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Mama anaishi Kuresoi, na Julai ya Kuresoi haina utani. Asubuhi majani ni meupe kwa baridi, mchana ni mvua, na barabara ya kwetu huwa uji. Kaka yangu alijitolea kutuazima pikapu. Mume wangu akakataa. "Mkwe mzima niende ukweni na pikapu ya kuazima?" Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya mtu mzima mwenye ndevu. Alitaka majirani wa mama walione gari. Akatia magunia mawili ya mchanga kwenye buti, akapigapiga buti lile kama anayemsifu ng'ombe, tukaondoka Alhamisi.

Jua lilikuwa limekausha barabara kidogo, kwa hiyo tulifika, na akapata maringo ya wiki nzima. Lakini sisi asili yetu ni magharibi ya nchi, tuliletwa huku na kazi ya reli ya babu, na mila hatukuiacha huko. Mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mkwe halali kwa mama mkwe wake. Basi bwana akalala ndani ya gari lake la fahari, kando ya ua wa kanisa, magoti kidevuni. Sitadanganya, nililala vizuri.

Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Mama akavaa nguo yake ya kanisani, akajifunga leso, akaja hadi garini akinishika mkono, na hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angelifikiria mapema. Kiti kizuri kilikuwa kimoja, kando ya dereva. "Nitakaaje bega kwa bega na mkwe wangu?" mama akaniuliza polepole. Nikamkunja nikamsukuma nyuma. Mume wangu alikuwa amegeuka anatazama ua, kama inavyotakiwa, lakini nilipofunga mlango akaninong'oneza kwa furaha, "Na wewe kaa nyuma. Uzito." Nikakaa. Nikawa gunia la tatu, na mama yangu gunia la nne.

Tulishuka hadi kijitoni salama. Tulipoanza kupanda, matako ya gari yakaenda kushoto, kisha kulia, kisha yakaamua kwenda mtaroni. Nikamwambia asikanyage mafuta. "Najua ninachofanya," akasema, akakanyaga. Magurudumu yakalia, matope yakapaa hadi kwenye vioo, na mpira ukaanza kunuka. Lami ilikuwa pale juu tu, tukisikia malori ya viazi yakibadilisha gia.

Tukatoka. Mama akapiga hatua tatu, akaanguka. Nikamwinua, akaanguka tena, kwa sababu haoni pa kukanyaga. Nikajaribu kumbeba mgongoni tukaanguka sote wawili. Pikipiki hakuna, hakuna mwenye boda anayeshuka mlima ule mvua ikiwa imenyesha. Mama akaketi kwenye ukingo, nguo ya kanisani imekuwa rangi ya barabara, akasema, "Basi. Nirudishe nyumbani. Nimeshazoea."

Hapo nilipasuka. Nilimwita mume wangu mtu bure kabisa, nikamwambia amemuuza mama yangu kwa sifa za watoto wa barabarani, na kwamba akibaki kipofu, yeye ndiye aliyemtoboa jicho. Niliyasema mbele ya mama, jambo ambalo kwetu halifanywi. Mume wangu akavua viatu, akakunja suruali, akasimama akinitazama kama anayeomba ruhusa. Ruhusa ya kumgusa mama mkwe sikuwa nayo mimi. Angekuwa nayo nani?

Mama akasema, kana kwamba anazungumza na ule ua wa miiba ya kei-apple ulio kando ya barabara, "Macho yangu hayaoni. Mtu akinibeba, mimi sitajua ni nani."

Akageuza uso, akanyoosha mikono.

Mume wangu akachuchumaa. Alipanda mlima ule, akaanguka kwa magoti mara mbili na mara zote mbili hakumwachilia. Mimi nilifuata nyuma na mkoba na viatu, bado nikilichukia gari lile na kila aliyelitengeneza. Juu kwenye lami alimshusha, akarudi nyuma hatua nyingi, akageuka kutazama shamba la mtu. Lori la viazi likatubeba sisi wawili. Tulifika hospitalini dakika chache kabla ya saa nne, tukinuka matope, na mama akaingizwa.

Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Mama alitazama dirisha kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, akasema nimekonda. Mume wangu alikuwa amekuja, akasimama mlangoni, amejisugua lakini kucha bado nyeusi. Mama akamwona. Akainamisha kichwa, akajifunika uso kwa leso, na yeye akarudi haraka kwenye korido.

Ndipo mama akauliza, "Yule mtu aliyenibeba pale mlimani, ulimwambia asante?"

"Bado, mama."

"Basi," akasema, "mtafute."