Kichochoro Kilichopinda Bila Sababu

Brigitte Nabintu ana umri wa miaka hamsini na tisa, ni fundi cherehani, na hajawahi kukanyaga Ulaya. Nayataja mambo haya matatu mwanzoni kwa sababu ndiyo hasa yaliyotumiwa dhidi yake.

Karakana yake ipo Jeppestown, mtaa wa Johannesburg, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha magodoro. Hapo hushona majoho ya kwaya na mavazi ya wachungaji wa makanisa ya Kikongo. Chumba hicho anakitumia pamoja na Pitchou, fundi wa suti za kiume, mtu wa makamo kutoka Uvira, ambaye hushona vizuri na kusema sana. Mimi nilimfahamu Brigitte kwa kupeleka makoti yangu kubadilishwa bitana. Nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na minne, naye alipolijua hilo, alianza kunirudishia makoti pamoja na maswali.

Mambo yalianza miaka sita iliyopita. Gaëlle, mtoto wa dada yake, ameolewa katika mji mdogo kusini mwa Ufaransa. Mji huo sitautaja, na hilo ni ombi la Brigitte mwenyewe, kwa maana wapo watu huko wanaozunguka mashambani na mitambo ya kutambua chuma ili wachimbe sarafu za kale na kuziuza. Gaëlle alimtumia Brigitte picha iliyopigwa kutoka angani, apate kuiona nyumba yao. Brigitte aliitazama nyumba kwa muda mfupi, kisha akatazama kilichokuwa nyuma yake. Vichochoro vyote vya mji vilikuwa vimenyooka kama vilivyopigwa rula, isipokuwa kimoja. Hicho kilizunguka nyuma ya safu ya nyumba kwa mpindo mpana, mfano wa kwato ya farasi, kikafika kwenye barabara kuu na kukatika.

“Mpindo unakatwa juu ya kitu,” alimwambia Gaëlle kwenye simu. “Shingo, bega, nyonga. Hapo kuna mwili gani?”

Gaëlle hakujua. Wazee wa mtaa aliowauliza hawakujua pia. Brigitte akaanza kusoma. Akajifunza habari za amfiteatri, yaani viwanja vya duaradufu vyenye ngazi za kukalia pande zote, ambamo Warumi wa kale walitazama watu na wanyama wakiuana. Akajifunza kwamba katika miji ya Lucca na Florence watu walijenga nyumba zao juu ya kuta za viwanja hivyo, na kwamba hadi leo nyumba hizo zinafuata duara ambalo waliolichora wamekufa karne nyingi zilizopita. Vingine vimefukiwa chini ya malisho, wala havionekani ila mwaka wa ukame, pale majani yaliyoota juu ya mawe yanapokauka kabla ya mengine.

Katika miaka minne alikusanya mipindo arobaini na mmoja, kutoka Hispania hadi Hungaria. Tisa ilikuwa imekwisha kujulikana na wataalamu. Ishirini na sita aliikataa mwenyewe: mabwawa yaliyokauka, viwanja vya kukimbizia farasi, na mara moja, kwa aibu yake, mtambo wa kusafishia maji taka. Ikabaki sita. Wa kwanza kati ya hiyo ulikuwa kichochoro cha Gaëlle.

Pitchou hakuacha kumtania. “Mama Brigitte, mawe ya Bazungu inakuhusu nini? Batakupatia kiti ya mbele, bakuonyeshe simba?”

“Weye shona vifungo,” alijibu. “Babu yangu alibebea Babeleji munyororo ya kupimia ardhi. Miaka kumi na moja, milima yote ya Kivu. Ni mutu gani alimuuliza kama milima inamuhusu? Na jina yake haiko kwenye ramani hata moja. Nimetafuta.”

Ipo jumuiya ya watafiti huko Ulaya inayoweka daftari la viwanja vinavyoshukiwa kuwapo chini ya ardhi. Kila dai lililokubaliwa huandikwa humo pamoja na jina la aliyelileta. Brigitte aliwapelekea lake. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, mpimaji wa jumuiya alikwenda mahali pale na chombo kinachopitisha umeme ardhini, akapima pale ambapo Brigitte alionyesha kwamba duara linafungwa kwa upande wa pili, naye hakukuta ukuta. Alikuta udongo mfinyanzi mtupu. Dai likafutwa kwa barua ya mistari mitatu. Ilisema kwamba kichochoro hicho huenda kilifuata mkondo wa kijito cha zamani, na ikamshauri mleta dai ashirikiane na mtaalamu.

Brigitte aliibandika barua hiyo ukutani juu ya cherehani yake, mahali ambapo mafundi wengine hubandika kalenda. Sheria za jumuiya humruhusu mtu kukata rufaa mara moja tu. Dai likikataliwa mara ya pili halisikilizwi tena. Alikuwa na miezi mitano ya kuonyesha kwamba hakukosea, na kwa miezi mitatu ya mwanzo hakuona alikokosea.

Alipaona mwezi wa Julai, na aliyemwonyesha, bila kukusudia, alikuwa Pitchou. Mchungaji mmoja wa Yeoville alikuwa ameagiza vazi la kutupia mabegani. Brigitte hukata kama mafundi wote wanavyokata: huchora nusu ya vazi kwenye karatasi, hiyo wanayoiita patroni, huilaza kwenye mkunjo wa kitambaa na kukata mara moja; kitambaa kikifunguliwa, kulia na kushoto hulingana. Siku hiyo alikata, akaunganisha mabega, akamvisha Pitchou ili alitazame.

“Mama,” Pitchou alisema, akiinua kidevu kama mtu aliyeingia kwenye maji marefu, “iyi shingo itamunyonga pasta mbele ya kufika kwa sadaka.”

“Usisukume.”

“Sisukume nini? Napumua tu!”

Brigitte aliipima patroni. Ukingo wake wa katikati ulikuwa umechanika, pengine kwa kukaa miaka mingi kwenye msumari, na ukanda wa upana wa vidole vinne ulikuwa umepotea. Alikuwa ameuweka mkunjo kwenye ukingo uliochanika, akidhani ndio katikati ya vazi. Alisimama na karatasi hiyo mkononi. Kisha akavuka chumba, akaishusha picha ya kichochoro, na kumwacha Pitchou amebanwa shingo kwa robo saa nzima.

Alinipigia simu, nikaenda. Kosa lilikuwa wazi mara tu lilipotajwa, na najilaumu kwamba mimi, mtu wa hesabu, sikuliona. Brigitte alikuwa amefuatisha kichochoro kwenye karatasi, akakunja karatasi pale kichochoro kinapoishia, akapata nusu ya pili. Alidhani kinaishia katikati ya kiwanja. Lakini hakikuishia, kilikatwa na barabara kuu, ambayo ilijengwa baadaye sana. Ushahidi ulikuwa kwenye picha ile ile. Katikati ya duaradufu, pande mbili ndefu haziachani tena. Zinakwenda sambamba kwa kitambo, ndipo zinaanza kurudiana. Pale barabarani pande za kichochoro zilikuwa bado zinaachana, kila upande kwa pembe ya nyuzi nane hivi.

Alitandika picha kubwa kwenye meza ya kukatia. Kwa uzi na chaki alikitafuta kitovu cha kila tao, kwa namna ile ile anayotafutia kitovu cha sketi ya mwavuli. Nami nikafanya kazi hiyo hiyo kwa bikari. Matokeo yetu yalitofautiana kwa chini ya nusu milimita, na sitaki kusema ni ya nani yaliyokuwa safi zaidi. Katikati ya kiwanja ilikuwa mita nane mbele ya pale alipokunja. Kwa hiyo mwisho wa kiwanja haukuwa mita themanini na nane kutoka pale mpindo wa kichochoro unapogeukia, kama alivyowaandikia, bali mita mia moja na nne. Mpimaji alikuwa amepungukiwa na mita kumi na sita.

Rufaa ilisikilizwa Septemba, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa njia ya video, katika ofisi ya Daktari Nkatha huko Braamfontein. Nkatha ni Mkenya, mhadhiri wa upimaji na ramani, na mteja wa Brigitte wa miaka mingi. Ndiye aliyemchapia picha zile kubwa. Kabla ya mtambo kuwashwa alimvuta kando.

“Mama Brigitte, hiyo stori ya kukunja karatasi wachana nayo. Waambie tu umepata vipimo vipya. Hao watu wakisikia ulikosea, watakumaliza.”

“Daktari, kosa ni yangu. Nikiificha, banaweza kusema na ile nilipatia ni ya mutu mwingine.”

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja Mfaransa, aliendesha kikao kwa Kifaransa, na mpimaji alikuwapo. Maneno ninayoyaandika hapa ni tafsiri ya Brigitte mwenyewe, niliyoilinganisha na sauti iliyorekodiwa.

Brigitte hakuanza na hesabu. Aliinua mbele ya kamera lile vazi lililoharibika, kisha patroni iliyochanika. “Nilikosea hivi,” alisema, akaeleza kosa lake hatua kwa hatua, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi asilirudie. Ndipo akaonyesha duara jipya.

Mpimaji alikuwa mpole, upole wa mtu aliyekwisha kushinda. “Kwa hiyo, bibi, tunakubaliana kwamba nilipima na hapakuwa na kitu.”

“Ulipima mahali nilipokuambia, nakushukuru. Ulikuta nini?”

“Udongo mfinyanzi.”

“Unene gani?”

“Mita tatu hivi. Labda zaidi kidogo.”

“Ukurasa wa nne wa taarifa yako unasema kwamba mashamba yote yanayozunguka mahali pale ni kokoto za mto. Kijito kinachotajwa katika barua yenu kingeacha kokoto. Mita tatu za udongo mfinyanzi, bwana, zilibebwa na nani?”

Mpimaji alifungua karatasi zake. Sisi tuliokuwa Braamfontein tulimwona akisoma, akirudi ukurasa wa nyuma, akisoma tena.

“Ngazi za kukalia hulazwa juu ya tuta,” Brigitte aliendelea. “Wewe ulisimama juu ya tuta lenyewe ukaliambia si kitu. Nenda mita kumi na sita mbele. Utakuta ukuta, nao utakuwa umepinda kukuelekea wewe.”

Mwenyekiti alizima sauti, akashauriana na wenzake kwa dakika saba. Aliporudi alikuwa na pendekezo. Hoja ilikuwa nzito, alisema, nayo jumuiya ingekubali kulirudisha dai daftarini na kupima upya. Ila ingefaa liandikwe kwa jina la Daktari Nkatha, ambaye chuo chake kinatambulika, na bibi Nabintu atajwe chini, katika shukrani. Ingerahisisha mambo, hasa kwa wakuu wa mji.

Brigitte alilitafsiri kwa Kiswahili, taratibu, ili Nkatha aelewe kila neno. Nkatha alitikisa kichwa. “Waambie mimi sikuona kitu. Mimi nilichapa tu. Siwezi kuandikisha jicho la mtu mwingine.”

Brigitte aliirudia kamera. “Daktari anasema hapana. Nami nasema hapana. Kama jina langu haliingii, lifuteni dai.”

“Bibi, unafahamu kwamba likifutwa leo halitasikilizwa tena?”

“Nafahamu. Ukuta ulikuwapo kabla ya daftari lenu. Utaendelea kuwapo bila daftari lenu. Lakini mkisema umeonekana, mtasema umeonekana na mimi.”

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona mkono wake wa kulia umeikunjakunja patroni ile hadi ikawa kama kitambaa cha jasho. Sauti yake haikubadilika.

Aliyejibu alikuwa mpimaji. Alisema kwamba yeye binafsi angependa kujua udongo ule ulitoka wapi, na kwamba angekwenda kwa muda wake mwenyewe. Kuhusu jina, alisema, yeye alipopima Aprili alitumia ramani iliyochorwa na bibi huyu, si na mtu mwingine, na taarifa yake ya kwanza, ile iliyomkanusha, ilimtaja kwa jina kamili. Haoni ni vipi mtu awe na jina wakati wa kukosea na alikose wakati wa kupatia. Walipiga kura. Dai lilirudishwa kwa jina lake, kura nne kwa tatu.

Mwezi wa Oktoba matokeo yalikuja. Mita kumi na sita mbele ya pale mpimaji alipopima mara ya kwanza, pungufu kwa nusu hatua tu, chombo kilionyesha ukuta wenye unene wa mita moja na zaidi, uliopinda. Pamoja na taarifa ilikuja nakala ya ukurasa wa daftari. Brigitte aliusoma akiwa amesimama dirishani, huku Pitchou akisoma kwa juu ya bega lake.

“Eish, Mama, jina yako! Yote mbili! Na banakuita… *chercheuse indépendante*. Mtafiti wa kujitegemea! Sasa utanisalimia tena?”

Brigitte aliketi. Nilidhani ni kwa furaha, mpaka alipoomba kalamu. Aliwaandikia siku ile ile, kwa Kifaransa kilichopangwa vizuri, kwamba anashukuru, kwamba vipimo ni sahihi, na kwamba kuna kosa moja katika ukurasa wao. Yeye si mtafiti wa kujitegemea. Kiwanja hicho kilipatikana kwa patroni, uzi na chaki, katika meza ya kukatia nguo, na kazi hiyo ina jina.

“Madame,” Pitchou alisema, sasa bila utani, “bamekuheshimu. Acha.”

“Bamenivalisha koti ya mutu mwingine,” alisema. “Hata kama ni ya bei, si ya kipimo yangu.”

Walichukua siku kumi na mbili kujibu. Ukurasa uliorekebishwa ninao mbele yangu ninapoandika. Katika safu ya mgunduzi pameandikwa: Brigitte Nabintu, fundi cherehani, Jeppestown, Johannesburg. Chini yake, katika safu ya mbinu, ambapo wengine wote wameandika picha za angani, mtu fulani katika jumuiya hiyo, sijui ni nani, ameongeza maneno mawili: na mkasi.