Darasa lililojaa visanduku vya kijani

Saa tatu kasoro robo asubuhi, na mwalimu wa taaluma hajakaa kitini. Anasahihisha amesimama, kalamu ya kijani mkononi. Mezani kuna karatasi arobaini na tatu za hisabati, zoezi la milinganyo la kidato cha pili.

"Dada, kaa basi, hizo karatasi hazikimbii," anamtania mwalimu wa fizikia.

"Saa je? Yenyewe inakimbia!"

Saa nne kamili mkuu wa shule atakuja kutoa uamuzi. Wakifaulu wanafunzi thelathini, utaratibu mpya wa mama huyu wa kupima maendeleo yao unaendelea. Wasipofika, inarudi orodha ya zamani, ile ya kumpanga mtoto wa kwanza hadi wa mwisho.

Kazi yake ni kuhakikisha kinachopimwa ndicho kilichofundishwa. Ukidhani ni rahisi kama kumsukuma mlevi, sikia yaliyotokea mwaka jana.

Mtihani wa muhula wa kwanza ulichomolewa kabatini, nakala ya mwaka uliotangulia, ukabadilishwa tarehe tu. Darasa zima likaanguka swali la sita, lenye alama ishirini. Walimu wakawaka, wazazi wakaitwa, watoto wakaambiwa ni wavivu.

"Nilifungua azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka," anasimulia. "Mada ile ilikuwa imehamishiwa muhula wa tatu. Hakuna aliyekuwa ameifundisha! Na mtihani ule niliugonga muhuri kwa mkono wangu huu. Niliona aibu, nikaenda kulia chooni."

Kesho yake alisimama mbele ya wanafunzi akawaomba radhi. Baadhi ya wenzake walinuna wiki nzima, wakidai amewavua nguo hadharani.

Tangu hapo hakuna swali linalopita mezani kwake bila kuandikwa pembeni mada yake na wiki ilipofundishwa. Na ukuta wa kidato cha pili umefunikwa kwa karatasi za manila: majina yanashuka chini, mada zinakwenda pembeni. Aliyeelewa mada hupakiwa kisanduku chake rangi ya kijani. Ambaye bado, chake kinaachwa wazi, anafundishwa tena, anapimwa tena.

Mkuu wa shule hakulipenda jambo hili. "Marudio kila wiki? Walimu wangu watapumua saa ngapi?" alihoji.

Sasa zimebaki dakika kumi. Mwalimu wa fizikia ameacha chai yake ipoe, anahesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Ishirini na nane... ishirini na tisa... thelathini! Thelathini, dada!"

Mwalimu wa taaluma anapiga kelele za furaha hadi mhazili anachungulia dirishani. Hesabu inasimama kwenye thelathini na nne.

Mkuu wa shule anaingia, anahesabu upya mara mbili, anasoma karatasi tatu. "Hawa ndio walewale walioanguka mwaka jana?"

"Walewale, Mkuu."

"Haya, endeleeni. Na kidato cha tatu nacho kianze."

Dakika tano baadaye mama huyu yuko ukutani akipaka rangi, na darasa zima limemzonga. "Nataka ripoti ya nyumbani imwambie mzazi mtoto wake ameelewa nini na bado nini," anasema, macho yakimng'aa. "Namba peke yake haimfundishi mtu."

Nyuma yake amesimama msichana ambaye wenzake walimbandika jina la Arobaini na Tatu, kwa kuwa ndiyo nafasi aliyoshika mwaka jana. Siku hizo alizunguka nyuma ya madarasa ili asiione orodha. Leo anafuata mstari wake kwa kidole: saba vya kijani, kimoja kitupu.

"Mwalimu, hiki nitakirudia lini?"

"Ijumaa."

"Kwa nini isiwe leo?"

Mwalimu anacheka. "Haya, njoo saa nane, tuone kwanza ulipokwama."

Saa nane anafika na daftari lake. Nyuma yake wameingia wenzake wote wanane ambao hawakufaulu asubuhi, na hakuna aliyewaita.