Mbegu Alizozipika Dominika

Mama yao alipokaribia kufa, aliwagawia mabinti zake mbegu za maharage. Zilikuwa nyeupe zenye michirizi ya zambarau, za aina inayotambaa, na bibi yao ndiye aliyezivusha Mto Ruvuma zikiwa zimefungwa kwenye pindo la nguo.

"Mmoja akizipoteza, mwingine atakuwa nazo," mama alisema.

Agatha, dada mkubwa, alizipanda Lukuledi alikoolewa. Dominika alizipanda Makote.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, na madukani Newala zikaingia mbegu za makopo. Dominika akanunua maharage mafupi. Hayakuhitaji miti, yaliwahi kabla mvua haijakatika, na maganda yake machanga hayakuwa na nyuzi. Unakatakata, unatia sufuriani. Yale ya mama ukichelewa kuyachuma, ganda linakuwa kamba mdomoni. Akaacha kuyapanda. Siku mwanawe alipotoka jandoni wageni walizidi chakula, naye akashusha kibuyu cha mbegu kutoka dari ya jikoni, akazipika zote.

Mwaka uliofuata Agatha alifika Makote. Ghala lake lilikuwa limeungua.

"Nimekuja kuchukua za mama," alisema.

Dominika alijibu kabla hajafikiri. "Fukusi walizimaliza, dada."

Agatha akamshika mkono. "Kosa langu. Mimi ndiye mkubwa, sikukuonyesha vizuri kuzichanganya na majivu."

Bora angemgombeza. Dominika alimfungia mbegu za kopo, nyingi kupita kiasi, akamsindikiza hadi barabarani bila kumtazama usoni. Hata kumweleza kwamba aina hiyo haitambai alishindwa.

Mvua zilipokolea alikwenda Lukuledi. Alimkuta dada yake shambani, amechomeka mti mrefu kwenye kila shina. Maharage yalikuwa yameishia magotini, na tayari yalikuwa na maganda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nayasubiri yapande. Labda ya dukani ni mavivu."

"Hayapandi, dada. Na za mama hazikuliwa na fukusi. Nilizipika."

Agatha aliendelea kung'oa magugu.

"Zote?"

"Zote."

"Kwa nini?"

"Wageni walizidi. Nikaona ninazo hizi mpya."

"Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu."

Jioni walikula maharage machanga kwa ugali, na Agatha alimpakulia mdogo wake kwanza. Dominika alishindwa kumaliza.

Tangu hapo alizitafuta mbegu zile Chilangala, soko la Masasi, hata kwa watu waliotoka ng'ambo ya mto. Alionyeshwa nyeusi, nyekundu, za madoadoa. Za michirizi hakuziona. Kila alipozikosa alipitia Lukuledi kumwambia dada yake, na Agatha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwekea maji ya kuoga.