Matete ya Balozi

Habari za msiba zilinikuta sokoni, nikichagua maharage. Mama mmoja wa mtaani kwetu, Majengo, aliniambia kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba ananikumbusha jambo nililolisahau: balozi wetu wa zamani amefariki kwa homa ya kifua, mazishi kesho saa nane mchana. Niliyaacha maharage palepale. Sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika, kwa hiyo msomaji wangu unisamehe leo nikikosa upole.

Marehemu alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu enzi za chama kimoja. Alikuwa karani wa ghala, mpaka mageuzi ya uchumi yalipokuja na wengi wakapunguzwa kazini, naye akiwamo. Hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mbishi, na alikuwa na filimbi ambayo Jumamosi asubuhi aliipuliza dirishani kwako mpaka utoke na jembe. Tulimsema sana, lakini tulitoka, tukashuka bondeni kuzibua mfereji na kuokota makopo na matambara. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba matete yasiguswe. Maji yanayoteremka kutoka milima ya Matogoro yalikuwa yakiingia kwenye matete yale yakiwa mekundu na yenye fujo, yakitokea upande wa pili yametulia, na nyumba za chini zinalala salama. Kuna mwalimu mmoja mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, aliyefyeka kipande ili apande magimbi. Balozi hakumgombeza. Alikwenda kwake jioni, akakaribishwa chai, akanywa yote, ndipo akasema, "Mwalimu, nyumba unayopanga iko chini ya hayo magimbi." Kesho yake mwalimu aliyarudisha matete kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha vikaja vyama vingi, na mimi ni miongoni mwa waliovishangilia. Sikujua kwamba hata matete yatapewa chama. Jumamosi ya kwanza baada ya matawi mapya kufunguliwa mtaani, filimbi ililia kama kawaida, na fundi cherehani mmoja, jirani yangu, kijana mwenye maneno, akasimama mlangoni kwake mikono mitupu. "Shikamoo, balozi. Hiyo filimbi wapulizie wanachama wako. Sisi wengine tuna vyama vyetu." Watu walicheka. Wiki iliyofuata wale wa chama cha balozi nao wakagoma, wakiuliza kwa nini wazibue mfereji unaolinda nyumba za wapinzani. Bonde likabaki halina mwenyewe. Wa kabichi akafyeka, wa matofali akachimba udongo, na ukiuliza unajibiwa kwamba siku hizi biashara ni huria, bwana.

Mvua nayo siku hizi haina adabu. Inachelewa mpaka watu wanakata tamaa, halafu inakuja yote kwa mkupuo. Redioni wataalamu wanatueleza kwamba dunia inapata joto na miji ijiandae. Msimu ule maji hayakukuta cha kuyazuia. Yaliingia kwa fundi cherehani alasiri, yakaangusha mashine yake, yakapita kwa balozi na kubomoa jiko.

Ungedhani tulijifunza. Wapi! Tukaanza kusubiri mfereji wa saruji kutoka kwa mfadhili ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Balozi hakutaka kusubiri. Alifanya jambo ambalo hadi leo linanikereketa moyoni: alirudisha filimbi, akaacha na ubalozi wenyewe, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kama jirani tu. Alidhani kilichotuudhi ni cheo. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwa fundi siku alipofika.

"Mwanangu, twende tukapande matete. Sasa mimi si balozi wa mtu."

Fundi hakuinua macho kwenye kitambaa. "Mzee, mtu haachi cheo hivihivi. Umehamia chama gani?"

"Sijahamia popote. Nataka matete."

"Basi kuna kitu unaficha."

Mzee alinitazama mimi, akatikisa kichwa, akaenda zake. Alipanda na mkewe, kwa vipande vya mizizi walivyovitoa ng'ambo ya bonde. Sisi tuliokwenda kuwasaidia tulikuwa wa kuhesabika. Mbuzi wa mtaa waliachiwa, wakala machipukizi, naye akapanda tena. Homa ilimshikia hukohuko, kwenye tope.

Sasa nikueleze nilichokikuta makaburini. Majembe. Mtaa mzima ulikuja na majembe na sururu, bila filimbi, bila kuitwa na mtu. Fundi cherehani alikuwa ndani ya kaburi, jasho linamtoka, akipokezana sururu na kiongozi wa tawi la chama kingine ambaye hawajasalimiana tangu vyama vianze. Walichimba vizuri, haraka, kila mmoja akimpumzisha mwenzake kabla hajaomba.

Baada ya mazishi mjane alisimama kutushukuru. Hakusema mengi. "Asanteni kwa kumsitiri mzee wenu. Majembe haya ndiyo aliyokuwa akiyaomba, na naona yapo. Mkirudi, piteni bondeni mmalizie mstari aliouacha." Akaketi.

Kutoka makaburini kurudi Majengo kuna njia mbili. Ya chini inapita bondeni na ndiyo fupi, ya juu inazunguka. Watu karibu wote walishika ya juu, majembe mabegani, wakizungumzia bei ya mbolea. Nilishuka ya chini na mjane na wanawake wachache, tukakuta mbuzi.

Nilikuwa nikiandika katika safu hii kwamba siasa zimetuulia ushirikiano, kwamba watu wetu wamekuwa wavivu. Nafuta maneno hayo. Tunajua sana kushirikiana, tena bila posho wala mfadhili, ila tunangoja kwanza mtu afe. Mvua zitaanza baada ya wiki chache, na nyumba za chini zimejaa watu, wakiwamo watoto wa fundi cherehani.