Nzi wa Dafroza

Katika mwalo wa Mwigobero, ufukwe wa wavuvi pale Musoma, hapakuwa na mtu aliyejua dagaa kumshinda Dafroza. Wachuuzi walimfungulia gunia, naye akichota kiganja kimoja tu husema: "Hawa wameanikwa mchangani. Wa mwambani wako wapi?" Jicho lake ndilo lililomlisha.

Mwaka 1993, enzi za ruksa ya biashara, malori ya wanunuzi yalipoanza kufuatana, Dafroza akaingia vitani na nzi. Kutwa nzima alipunga kitenge juu ya dagaa.

"Mama Bernado, unampungia nani?" aliuliza Ghati, jirani yake wa meza.

"Huwaoni nzi hawa?"

"Hata mmoja hayupo!"

Dafroza akainua uso mbinguni. Nzi wakapanda naye. Wiki hiyohiyo akapanda basi kwenda kupimwa macho.

Katika hospitali ya rufaa, Daktari Florian alimweleza kuwa kisukari alichoishi nacho miaka kumi kimeharibu mishipa ya ndani ya macho, nayo inavuja. "Nzi" wale ni vivuli vya damu. Dawa yake ni mwanga wa leza.

"Miaka ile sukari tuliipangia foleni tukaikosa," Ghati alimtania akimsindikiza siku ya leza, "kumbe wewe ilikufuata nyumbani!"

Miale ya kijani ikampiga machoni, ikapiga tena. Wiki kadhaa baadaye Dafroza alipimwa tena kwa chati ya ukutani: anyooshe kidole miguu ya herufi E inakoelekea. Akakwama mstari uleule wa kabla ya tiba.

"Safari yote hii, daktari, mstari uleule?"

"Bila leza, mama, ungeishia kupapasa ukuta. Hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki. Giza likiingia utaona kwa shida kidogo. Sukari uidhibiti, na urudi kupimwa."

Akarejea mwaloni na hofu moja: je, mstari ule utawatosha dagaa?

Ghati hakumngoja hata avute pumzi. Alichanganya dagaa wa mchangani kwenye karai la wale wa mwambani, akamsukumia. Wachuuzi wakasogea. Dafroza akaligeuzia karai kwenye jua, akainama, akachambua mmoja mmoja bila haraka.

"Chukua uchafu wako, Ghati. Kumi na saba. Wewe uliwahesabu?"

Ghati hakuwa amehesabu. Watu wakaangua kicheko.

"Haya, bingwa," akasema Ghati, "na nzi huyo juu ya karai?"

"Yupo kweli?" Dafroza akadaka kitenge. "Nilimwacha, nikidhani ni wangu."