Mkate wa Soda Niliopeleka Stesheni

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na hata leo nikisikia harufu ya soda kwenye sufuria ya maharage natamani ardhi inimeze (nyinyi chekeni tu, mimi mwenyewe ningecheka kama mhusika asingekuwa mimi).

Ni wakati ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mji wetu wa Kolwezi, wakiambiwa warudi kwao. Jirani yangu wa mtaa wa Musonoi, Mama Ntumba, mmoja wao, alikuwa wiki ya tatu stesheni, analala chini na mama yake mzee, wanangoja treni. Siku vijana wa kwetu walipokuja kumtoa nyumbani aliniita kwa jina, nami nikafunga dirisha. Nilifunga, basi. Tangu hapo kila asubuhi nilitaka kwenda kumwomba msamaha na kila asubuhi miguu iligoma, mpaka nikajiambia nitaoka ule mkate wa Ayalandi alionifundisha yeye mwenyewe (aliwapikia masista wa huko miaka mingi), mkate usiotaka hamira, ila unga, chumvi, maziwa yaliyochacha na kijiko kimoja cha soda, ile tunayotia kwenye maharage, unachora msalaba juu na kuoka papo hapo. Nitampa mkate, nikawaza, sitahitaji kusema mengi.

Maziwa yaliyochacha siku zile ungeyapata wapi, nikakoroga ya unga na ndimu, na hapo ndipo nilipojiharibia, maana niliona donge limelala tu, nikasema aibu kubwa namna hii haiendi na mkate mdogo, nikaongeza kijiko, kisha kingine, kisha sikuhesabu tena. Ukaumuka vizuri ajabu, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, nikaufunga kwenye kitambaa na kukimbia nao ungali wa moto, bila kuonja (na kwetu anayetoa chakula huonja kwanza mbele ya anayepewa, hata mtoto analijua hilo).

Mama Ntumba aliupokea, akamega, akampa mama yake. Bibi akatafuna mara mbili, akatema. Ndani mkate ulikuwa wa manjano, una madoa ya kahawia, unanuka sabuni. Watu waliokuwa wamekalia mizigo wakasimama wote, na mwanaume mmoja akaniambia taratibu, "Onja weye kwanza, mama. Batu ba kwenu banatufwata na sumu mpaka huku?"

Nikaonja. Nikajaza mdomo ili waone, machozi yakanitoka kwa ule ukali, na kadiri nilivyokunja uso ndivyo walivyozidi kuamini, mpaka mmoja akanikamata mkono. Niliogopa kweli.

Mama Ntumba akaokota kipande alichotema mama yake, akakigusa kwa ulimi.

"Mumwache," akasema. "Haina sumu, ni soda. Nilimufundisha kijiko moya, lakini hasikiake mutu."

Wakaniachia. Nilitaka kumwomba msamaha nikashindwa, mdomo umejaa mkate, hauendi mbele wala nyuma, na yeye alikwisha kunipa mgongo anampa mama yake maji. Treni iliwachukua kesho yake. Sikumwona tena.

Siku hizi soda napima kijiko kimoja, nakisawazisha kwa kisu, na simpelekei mtu chakula kabla sijaonja. Hayo nimeyaweza. Lakini "mumwache" ni neno moja tu, na siku ile ya dirisha mdomo wangu haukuwa na mkate.