Siku Nilipolikosa Jiwe Nikakata Hema

Aibu hii niliitafuta mwenyewe. Injinia aliyetuletea mashine ya kupasua mwamba kwa nguvu za maji aliniomba nusu saa anifundishe, nami, siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi na watu wote wa machimbo yetu hapa juu ya mtaa wa Namuwongo, nikamjibu, "Binti yangu, drili ya upepo nimeishika miaka ishirini, leo unifundishe kushika maji?" Watu wakacheka, kichwa kikanivimba (kipara na vyote).

Mke wangu, Mama Furaha, ambaye anapasua mawe kwa nyundo tangu tulipotoka Bukavu, akanivuta shati.

"Baba Furaha, sikiliza ule mama kwanza. Amesema tukiiweza anatuachia miezi tatu. Mikono yangu imechoka."

"Wewe tazama tu," nikasema.

Sasa, drili ya upepo unaiwasha kwanza, ndipo unaishusha kwenye jiwe na kuiegemea kwa tumbo, lakini hii ya maji, kumbe, mdomo wake unauweka kwenye jiwe kwanza ndipo unafyatua, na hilo ndilo lilikuwa somo nililolikataa. Nikafyatua ikiwa hewani. Bannange! Bomba likanirusha nyuma kama nimepigwa teke na ng'ombe, nikakaa pwaa kwenye dimbwi la tope, suruali yangu ya kanisani ikapasuka matakoni, na ule uzi wa maji ukapita juu ya vichwa ukakata kamba ya hema la wageni kama wembe. Hema likashuka polepole, kwa heshima zote, juu ya mgeni rasmi na sahani yake ya matoke.

Injinia akazima mashine. Ndipo jirani yangu Ssalongo akauliza, "Ssebo, mzee wangu, na mwamba je?"

Mwamba haukuwa na hata mkwaruzo.

Walicheka mpaka wakashika mbavu, hata mgeni rasmi, alipochomoza chini ya turubai akiwa na ndizi sikioni (hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu). Mpaka leo naitwa Mzee Hema, na naitika.

Injinia peke yake hakucheka. Alipakia mashine kwenye lori, akasema taratibu, "Mzee, siwezi kuiacha kwa mtu asiyetaka kufundishwa."

Siku hizi hata nikielekezwa kutumia simu mpya, nakaa chini nasikiliza mpaka mwisho. Lakini mashine ile haikurudi, na Mama Furaha bado anapasua mawe kwa nyundo.